Kabla ya Houston, Tubadilishane Viti

Ndugu zangu wa huku Dallas, Texas, wa Grand Prairie, wa DeSoto, wa Lewisville, na nyinyi wa kule Houston mnaojua kwamba ninawasema, ketini. Mimi si mhubiri. Mimi ni nesi, na sauti yangu mnaijua, haijui kunong'ona. Leo nawasimulia habari ya nyumba ya Nyaga. Wengi wenu mlikuja kwenye maombi mkalia sana, na machozi yenu hayakuwa ya uongo. Lakini tangu siku ile sijamsikia hata mmoja akitaja kilichomuua Immaculate. Basi nitakitaja mimi.

Nyaga, mkewe Immaculate na binti yao Kanana walikuwa majirani zetu pale Grand Prairie, katika nyumba zile za kupanga nyuma ya kanisa. Jumamosi moja ya mwaka wa 2000 niliingia kwao asubuhi bila kubisha, kama ilivyokuwa kawaida yetu. Immaculate alikuwa akisukuma chapati za mwisho huku akiimba nyimbo za Misa. Kanana, aliyekuwa darasa la pili, alikaa sakafuni akimsuka mwanasesere wake. Pilau ilikuwa imeiva, sufuria imefungwa kwa kitambaa cheupe. Nyumba ilinukia iliki na ungeona kabisa kwamba watu wa humo wanapendana.

"Mama Bertila, hebu onja chumvi," Immaculate akaniambia. "Sitaki watu wa Houston waseme sisi hatujui kupika."

Tulikuwa tunaenda Houston kwa Mutuku. Babake alikuwa amefariki kwao Machakos, na desturi yetu hamhitaji kufundishwa. Mwenzako akifiwa ugenini humtumii pole kwa simu ukalala. Unapika, unaingia kwenye gari, unakwenda kukaa naye hata kama ni mwendo wa nusu siku. Usipokwenda kwa wenzako, siku yako itakapofika utabaki na viti vitupu. Desturi hiyo ni nzuri na sitaki mtu aseme nimeitukana.

Mara mlango ukafunguliwa, Nyaga akaingia. Ijumaa alikuwa ameshinda ghalani akipakua makatoni, na kutoka hapo akaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akakesha akiwageuza na kuwainua vitandani.

"Nimepiga dabo, zamu mbili mfululizo," akasema, akajitupa kwenye kochi. "Nipeni chai twende."

Immaculate akampa chai. Nilikuwa bado natafuna kipande changu cha chapati nilipoona kikombe kinainama mkononi mwake. Chai ikammwagikia pajani, chai ya moto jamani, na Nyaga hakushtuka. Macho yalikuwa nusu wazi.

"Daddy amelala!" Kanana akacheka.

Mimi sikucheka. Wahenga walisema usingizi ni nusu ya kifo, nami nimekaa na wagonjwa miaka mingi, najua walichomaanisha. Mtu asiyeamshwa na chai ya moto hafai kugusa usukani. Nikasema hivyo hivyo, tena kwa sauti.

"Usijali, Mama Bertila," Immaculate akasema akimfuta mumewe kwa taulo. "Nitaendesha mimi. Nililala vizuri. Yeye atalala njia nzima."

Na ni kweli alijua kuendesha. Alikuwa na leseni kabla ya Nyaga, na kila siku ya kazi alikwenda Fort Worth na kurudi, mvua au barafu. Sasa mtauliza, kama ni hivyo, shida ilikuwa wapi? Subirini.

Mwaka mmoja kabla ya hapo kulikuwa na harusi Houston. Immaculate ndiye aliyeendesha siku hiyo, akaegesha mbele ya ukumbi, na Nyaga akashuka upande wa abiria akijinyoosha. Mutuku alikuwa amesimama hapo na wanaume wenzake. Basi akapiga makofi.

"Jamani, njooni mwone! Nyaga ameletwa! Siku hizi wanaume wa Dallas wanabebwa pamoja na pilau!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Tangu siku hiyo jina likawa Abiria. Abiria, habari ya huko? Abiria, mama amekuruhusu utoke? Hata kwenye simu ya Krismasi. Nyaga alicheka nao, lakini neno lilimwingia likakaa. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha huu ulikuwa ukijikusanya taratibu.

Kuanzia hapo wakabuni mpango wao, na Immaculate ndiye aliyenisimulia, akicheka. Wakitoka nyumbani, Nyaga anashika usukani ili majirani wamwone. Wakifika kituo cha kwanza cha petroli, wanabadilishana viti, Immaculate anaendesha safari yote. Wakikaribia Houston, kwenye kituo cha petroli cha Conroe, anamwamsha mumewe, wanabadilishana tena, na Nyaga anaingia mjini akiwa dereva. Watu wanamwona anashuka upande wa kushoto, upande wa dereva wa huku Marekani, na ufunguo mkononi.

"Si ni ujinga?" Immaculate aliniuliza siku hiyo. "Lakini kama unampa raha, mimi unanipunguzia nini?"

Tuliondoka magari mawili. Wao mbele, mimi na mume wangu Elphas nyuma yao. Kwenye kituo cha kwanza wakabadilishana kama kawaida, na nilimshukuru Mungu. Immaculate aliendesha vizuri. Tukapita Corsicana, tukapita mashamba makavu, misonobari ikaanza, tukapita Huntsville. Kichwa cha Nyaga nilikiona kimeegemea dirisha, hakikusogea hata kidogo. Kanana alikuwa akigeuka mara kwa mara kutupungia mkono.

Huko Conroe gari lao likakata kona, likaingia kituoni. Nilishuka kabla Elphas hajazima injini.

Immaculate alikuwa akimtikisa mumewe begani. "Baba Kanana. Baba Kanana, tumefika Conroe. Amka."

Alimtikisa sana. Nyaga alipoamka, aliangalia huku na huku, hakujua yuko wapi. Akashuka, akashika mlango ili asianguke.

"Nyaga, rudi ulale," nikamwambia. "Mwache mama Kanana amalizie."

"Shemeji, ni hapa tu," akasema, ulimi mzito. "Hapa tu na hapa."

"Hapa tu ndipo magari ni mengi! Wewe hujaamka!"

"Nimeamka. Kwani naongea na wewe nikiwa ndotoni?"

Elphas naye akajaribu. "Ndugu yangu, Mutuku amefiwa na babake. Leo hana nguvu za kumcheka mtu."

"Mutuku?" Nyaga akatabasamu vibaya. "Humjui Mutuku. Atanicheka kaburini."

Nikamgeukia Immaculate. Nilijua akikataa yeye, mambo yamekwisha. Nikamwambia kwa mdomo na kwa macho, usimpe ufunguo.

Alimwangalia mumewe. Alimpenda yule mtu, nisiwadanganye. Akaushusha ufunguo kiganjani mwa Nyaga, akaniambia polepole, "Mwache, Mama Bertila. Sitaki aaibishwe mbele za watu. Nitakuwa namwongelesha."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilimtia Kanana mkanda mwenyewe, nyuma ya kiti cha babake, nikaukaza mpaka akalalamika.

Tukarudi barabarani. Malori yalikuwa yamejaa na jua lilikuwa kali. Mwanzoni gari lao lilikwenda sawa. Kisha nikaliona linaegemea upande wa kulia, likagusa mstari, likarudi.

"Anafanya nini huyu?" Elphas akauliza.

"Piga honi! Baba Bertila, piga honi!"

Elphas akapiga honi ndefu. Nyaga akainua mkono dirishani. Alidhani tunamsalimu. Mpaka leo mkono ule nauona.

Kisha Immaculate akageuka nyuma. Kanana alikuwa ameivuruga riboni yake, na mama hakutaka mtoto ashuke mbele za watu bila kutengenezwa nywele. Kwa hiyo uso wake ulitutazama sisi kupitia kioo cha nyuma. Aliniona, akatabasamu. Nilikuwa nikipiga kelele na kumwonyesha kwa mikono, lakini yeye alikuwa akifunga riboni. Gari likaegemea tena kulia. Safari hii halikurudi. Kando ya barabara kulikuwa na trela lililoharibika, limesimama na taa zikiwaka. Liliwaka mbele yetu lote, mtu yeyote aliye macho angeliona kutoka mbali.

Upande wa kulia wa gari, alikokaa Immaculate, uliingia chini ya trela lile. Upande wa kushoto ukabaki nje.

Tulikimbia. Kanana alikuwa amevunjika mkono, alikuwa akimwita mamake. Immaculate hakumwitika. Nilimgusa shingoni, mimi nesi, nikatafuta, nikatafuta tena, nikajua. Na Nyaga, aliyechubuka kidogo tu kwenye paji la uso, akafumbua macho akaniangalia.

"Shemeji," akasema. "Tumefika?"

Nikamfungulia Kanana mkanda.

Elphas ndiye aliyempigia simu Mutuku. Mutuku alikuwa amesimama kwenye maegesho ya ukumbi wa maombi, akiwapokea wageni. Na mnajua neno la kwanza lililomtoka? Aliuliza, "Nani alikuwa anaendesha?" Nilimnyang'anya Elphas simu. Niliyomwambia Mutuku siku ile siwezi kuyarudia mbele ya watoto, lakini mwishoni nilimwambia, "Nyaga ndiye aliyeendesha. Safari hii abiria ni Immaculate, naye amekufa. Umefurahi?" Nikamsikia akilia kama mtoto. Sikumwonea huruma wakati huo. Baadaye nilimwonea.

Maombi ya babake Mutuku yakawa maombi ya watu wawili. Pilau ilitolewa kwenye buti ikiwa salama, kitambaa chake cheupe hakikuwa na doa, na hakuna aliyeweza kuila.

Nyaga hajaendesha gari tena. Kazini huenda akiombaomba lifti. Kanana mkono wake ulipona, naye akakua, na mwaka huu amepata leseni. Majuzi Mutuku alikuwa na sherehe ya binti yake aliyehitimu, akawaalika. Kanana akaendesha kutoka Grand Prairie mpaka Houston. Elphas nami tukawa nyuma yao, kama zamani. Huko Conroe waliingia kituo kile kile, kwa sababu petroli ilikuwa imepungua. Niliogopa, wenzangu, nitaficha nini. Nyaga alishuka, akasimama kidogo kando ya gari akitazama barabara, kisha akarudi kwenye kiti chake cha abiria akafunga mkanda.

Walipofika ukumbini wanaume walikuwa wamesimama pale pale, mvi zimewatoka. Nyaga akafungua mlango wa upande wa kulia, akashuka. Hakuna aliyecheka. Mutuku akaja, akamkumbatia, wakaingia ndani kula. Basi. Hakuna zaidi.

Pale mlangoni Nyaga alikuwa amegeuka akaniangalia. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Shemeji," akaniambia, "ni hivi tu? Kumbe ilikuwa hivi tu?"

FUNZO

Enyi wanaume mnaopiga dabo, mwili hauogopi jina lako wala cheo chako. Ukitaka kulala utalala, hata kama umeshika usukani na watoto wako nyuma. Aliyelala vizuri ndiye aendeshe, awe mume au mke, tena mpaka mlangoni, si mpaka Conroe.

Enyi wake wenzangu, kumlinda mume asichekwe ni upendo, lakini ufunguo ukiwa mkononi mwako na umeona hafai, ukatae kumpa. Acha anune. Anayenuna wiki nzima bado yuko hai, na watoto wake wana mama.

Na nyinyi mnaosimama kwenye maegesho mkiangalia nani ameshuka upande gani, mzaha wenu una miguu mirefu. Ulitembea kutoka Houston mpaka Grand Prairie, ukakaa ndani ya nyumba ya watu mwaka mzima, ukamtoa mama nje.

Sherehe ijayo nitafika mapema kuliko nyinyi nyote. Nitasimama pale nje. Mwanamume yeyote atakayeletwa na mkewe, mlango wake wa abiria nitamfungulia mimi mwenyewe, na atakayecheka atacheka mbele yangu.