Baba Mkwe wa Kabatini

"Renan, mimi siolewi peke yangu. Nakuja na baba."

"Milena, baba yako amefariki."

"Ndiyo maana hawezi kujipikia."

Nilikuwa jikoni nakatakata mayai ya kuweka juu ya tambi, sikio moja nimeliacha sebuleni. Mjukuu wangu Renan kaleta mchumba, na mama yake, mkwe wangu Satiko, amevimba huyo!

Kwetu Campo Grande, huku Brazili, kila ukoo uliotoka visiwa vya Okinawa, Japani, una kabati la wahenga, ndani mna vibao vya majina ya marehemu. Hulirithi mtoto wa kiume wa kwanza, na mkewe ndiye huwapelekea chai na ubani. Kwetu sisi akina Yonamine, huyo ni Renan. Milena Tokashiki naye hana kaka wala dada. Kibao cha baba yake anakitunza mwenyewe. Na makabati ya koo mbili hayakai nyumba moja. Wafu watagombana, walio hai wataugua.

"Mpeleke kwa baba zako wadogo," Satiko akasema.

"Wameokoka, mama. Watamtia moto."

"Basi tafuta mume asiye na kabati."

Milena akachukua mkoba wake, huyoo. Jioni Renan akanisomea ujumbe wa Milena kwenye simu:

"Nakupenda. Lakini nikimtupa baba leo, wewe utaniamini vipi kesho?"

"Bibi, sheria hii aliitunga nani?"

"Mimi nilizaliwa nikaikuta."

"Tuwaulize Okinawa kwenyewe?"

Satiko akadakia, "Waulize! Wakiruhusu, nafunga mdomo."

Tukampigia shangazi Fumi, yuko Naha, mji mkuu wa huko Okinawa. Uso wake ukajaa kwenye simu.

"Kabati? Mwanangu, sisi tunaishi ghorofani, hata pa kuweka viatu hakuna. Vibao tulishavipeleka hekaluni. Ninyi bado mnavyo? Loo, ninyi ndio Waokinawa!"

Simu ilipokatika, nikamgeukia mkwe wangu.

"Haya, funga mdomo."

"Sifungi! Wao wameacha, tumebaki sisi. Na sisi tukilegea, Okinawa itabaki wapi?"

"Mama," Renan akasema, pole pole, kama mtu anayetaka kujua kweli, "umewahi kufika?"

"Sijafika."

"Ukienda huko utaitwa Mbrazili. Hapa wanakuita Mjapani. Sasa Uokinawa wako uko wapi?"

Satiko akalinyoshea kabati kidole.

"Kila asubuhi namchemshia chai baba mkwe ambaye sikumwona hata siku moja. Uko hapo."

"Na Milena anamchemshia nani?"

Nikaona ni zamu yangu.

"Satiko, anayefuata kuingia humo kabatini ni nani?"

"Mama, usiseme hivyo."

"Ni nani?"

"...Ni wewe."

"Basi mpangaji mtarajiwa anaomba kusema. Mume wangu nimekaa naye akiwa hai, na sasa akiwa kabatini, hana mazungumzo. Marehemu Tokashiki alikuwa akipiga zeze la nyuzi tatu mpaka watu wanalia. Mimi nataka jirani."

"Na wakigombana?"

"Wagombane! Tangu wafe wana kazi gani nyingine?"

Satiko alijitahidi kununa, kicheko kikamponyoka. Akachukua simu ya Renan.

"Milena."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nijibu vizuri. Baba yako chai yake anaipenda nzito au nyepesi?"

Kule upande wa pili tukasikia mtu akivuta kamasi.

"Baba hanywi chai, mama. Ni kahawa. Sukari vijiko vitatu."

"Kahawa! Kabatini! Mizimu itatucheka." Akajifuta macho kwa kitambaa cha mezani, kile changu kizuri kabisa. "Haya. Mlete. Na wewe uje."

Harusi ilifungwa. Mwisho wake tulicheza wote, mikono juu, viganja vikizungushwa hewani kama ilivyo desturi. Renan anacheza kama anafukuza nyuki, lakini nani alimwangalia?

Makabati yako sebuleni, ukuta mmoja. Mpaka leo hajaugua mtu. Ila asubuhi moja niliamka mapema nikamkuta Satiko anamimina kahawa kwenye vikombe viwili: kimoja kwa Tokashiki, kingine kwa kabati letu, badala ya chai.

Mume wangu hajalalamika. Na alikuwa mtu wa kulalamika.