Bahasha Tatu Kabatini

Kila jioni Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuongea, alifanya kazi za shule kando ya cherehani ya mama yake. Mama alikuwa fundi, tena fundi kweli kweli, na pia mweka hazina wa chama cha wazazi. Cheo hicho binti alikiringia kuliko mama mwenyewe.

Muhula huo chama kilitafuta fundi wa kushona sare sitini za wanafunzi wasiojiweza. Mafundi watatu waliandika bei zao, wakazifunga katika bahasha. Mama alikuwa mmoja wao. Na bahasha zote ziliwekwa wapi? Kabatini kwake! "Sisi tunaaminiana bwana," alisema mwenyekiti, seremala mcheshi.

Cherehani ya mama ilikuwa hoi, na kazi ile ingetosha kununua mpya. Basi mama alipotoka kununua uzi, Chiriku alizishika bahasha juu ya mvuke wa birika, gundi ikaachia. Akasoma, akazifunga tena.

"Mama," Chiriku alinong'ona mama aliporudi, "fundi wa sokoni ana bei nafuu kuliko yako. Punguza kidogo tu, kazi ni yetu!"

"Umejuaje?"

Chiriku aliweka kalamu chini. Macho yake yakaenda kwenye birika.

"Hakuna atakayejua, mama."

"Mimi najua, nawe unajua. Tayari tuko wawili."

Kesho yake wazazi walijaa darasani, wamejibana kwenye madawati ya watoto. Mama alisimama. "Bahasha zilifunguliwa nyumbani kwangu. Yangu naiondoa. Na kosa la kwanza ni langu: anayeomba kazi hatunzi bahasha za wenzake."

Chiriku naye akasimama. "Nilizifungua mimi. Naombeni radhi, wazee wangu."

"Basi na uweka hazina auache!" alifoka baba mmoja.

Lo! Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Hapo akainuka fundi wa sokoni, mzee wa watu. "Bei yangu nayo imechunguliwa. Nani kati yenu angejua, kama huyu mama asingesema? Pesa zangu ningempa azitunze hata leo."

Mwenyekiti, aibu imemjaa, aliomba wanaokubali mama abaki wanyooshe mikono. Mikono ikanyooka darasa zima, hata wa yule baba, japo kwa kusitasita. Chiriku alilia, na hayakuwa machozi ya aibu tena. Bahasha mbili zilizobaki zikasomwa mbele ya wote, na kazi ikaenda kwa fundi wa sokoni. Wakakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo katibu atatunza bahasha katika sanduku lenye kufuli, na mweka hazina hatalipa chochote bila sahihi ya mwenyekiti na ya katibu.

Njiani Chiriku alibeba daftari la chama kifuani, kichwa juu. Kisha akakumbuka. "Mama, cherehani je?"

"Tutaipeleka kwa fundi," mama alijibu. "Cherehani ikiharibika, fundi yupo. Jina likiharibika, mwanangu, utalipeleka kwa fundi gani?"