Mtoto wa Turubai

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa mzaha wa Nyamusi, mwanafunzi wangu.

"Mwalimu, huyu amekataa kutoka. Nafikiri amesikia bei ya sukari."

Darasa zima likacheka. Hata mimi nilitabasamu, mara ya kwanza tangu Februari. Ulikuwa mwaka wa 1974, katika chuo kidogo cha wakunga nje ya mji wa Kisii. Asubuhi niliwafundisha mifupa ya nyonga. Alasiri tulifanya mazoezi ya kuzalisha. Tumbo letu lilikuwa sanduku la mbao. Ndani yake tuliweka mtoto wa turubai aliyejazwa pamba, mwenye kitovu cha kamba. Aliyemshona ni Persis, mke wangu, aliyekuwa mkunga.

Persis alitutoka Februari, akiwa na mimba ya miezi minane. Kabla ya mazishi, mama yangu alinivuta kando.

"Mtoto atolewe, mwanangu, azikwe peke yake. La sivyo Persis atabaki na uchungu wa kuzaa siku zote."

"Mama, mimi ni mtu wa sayansi. Sitamkata mke wangu."

Wakazikwa pamoja, kando ya nyumba yetu Kiogoro.

Jioni ile Nyamusi alimrudisha mtoto ndani ya sanduku, tayari kwa mtihani wa kesho. Nilimwona kwa macho yangu. Wanafunzi wakaenda kula. Nikafunga mlango, nikabaki peke yangu nikisahihisha madaftari. Nje kiza kilikuwa kinaingia.

Mbao zikalia. Kidogo tu.

Kisha pumzi... ndefu, ikashikwa, ikaachiliwa. Hivyo ndivyo Persis alivyowafundisha wajawazito kupumua.

Ikaja harufu ya damu mbichi.

"Persis?" nilinong'ona.

Mtoto alikuwa nje.

Alilala mezani, amelowa. Nilimgusa. Alikuwa na joto. Kitovu kilikuwa kimefungwa mahali pawili kwa uzi mwekundu, kwa fundo la Persis, lile ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuliweza.

Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Labda ni mazoea. Nilimrudisha ndani.

Pumzi zikaanza upya. Safari hii zilikuwa na kilio.

"Basi... usimrudishe."

Sauti ilikuwa ya Persis, imechoka kabisa.

Ndipo nilipoelewa. Tangu Februari tulikuwa tukimzalisha Persis mtoto yule mara kumi kwa siku. Na kila mara tulimrudisha ndani.

Asubuhi sikwenda kwenye mtihani. Nilimtoa mtoto sandukuni, nikambeba hadi Kiogoro, nikachukua jembe na kuchimba shimo dogo kando ya kaburi la Persis. Mama alitoka, akatazama nilichokuja nacho. Aliingia ndani, akarudi na leso yake ya kanisani.

"Mfunge vizuri," akasema. "Wa kwanza hatukumfunga."

Nilipomshusha shimoni alikuwa bado na joto. Nilimfukia kwa mikono, taratibu, kisha nikalaza sikio langu juu ya kaburi kubwa, nikasikiliza.