Lala Kwanza, Pangisha Baadaye

Kila asubuhi, kabla sijavaa sare ya shule, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutunga uzi. Mama ni fundi cherehani, na macho yake yalikuwa yameanza kugoma. Alikuwa akilitafuta tundu la sindano mpaka asonye. Basi nilimtungia sindano kumi za mkono na ile ya cherehani, ndipo nikanywa chai yangu.

Kwa sababu ya macho hayo, Mama alijenga vyumba viwili uani. Alijenga kwa miaka minne, tofali kwa tofali. "Nikishindwa kushona, vyumba vitatulisha," alisema. "Na kodi ya kwanza ni ya miwani." Hilo la miwani lilinikaa kichwani kuliko hesabu zote za darasani.

Vyumba vilipokwisha, Bibi alikuja kuvikagua. Bibi ni mama yake Mama. Alishawahi kupangisha nyumba, na maneno yake hayakosi pilipili.

"Rangi nzuri," alisema akigonga ukuta wa chumba cha kwanza. "Hata mimi nikijipaka poda napendeza. Nani analala humu?"

"Si mpangaji, Mama?" Mama alijibu.

"Thubutu! Usimpangishe mtu chumba ambacho hujalala ndani yake. Siku tatu, mwanangu. Chumba kikiwa na siri kitakuambia chenyewe."

Mama alikuwa na rundo la sare za wateja, akanipa mimi kazi hiyo. Niliona nimekuwa mtu mzima! Nilibeba mkeka na shuka, nikalala usiku wa kwanza, nikalala wa pili, shwari. Usiku wa tatu mvua ilinyesha, na kwenye kona ya dirisha tone la maji likanidondokea sikioni, puu! Nikavuta mkeka upande wa pili, nikaendelea kulala.

Asubuhi Mama aliniuliza, "Haya, chumba kimesemaje?"

Siku hiyo hiyo fundi redio mmoja alikuwa anakuja kukiona chumba. Nilimtazama Mama alivyoinamia kitambaa, pua karibu iguse sindano. Nikisema kinavuja, mpangaji ataondoka, na miwani itaondoka naye.

"Kimekaa kimya, Mama," nikajibu. Nilikuwa nimeshapangusa maji sakafuni.

Fundi redio alikuwa mtu mrefu, mpole, na bisibisi haikumtoka mfukoni. Aliuliza habari za maji, choo na majirani. Kisha akaomba mkataba wa maandishi: nani atatengeneza nini kikiharibika, na anayetaka kuhama au kuhamisha atoe taarifa ya muda gani.

Mama akacheka. "Kwani hatuaminiani, fundi?"

"Leo tunaaminiana, mama. Karatasi ni ya siku tutakayosahau tulichosema."

"Huyo ni mpangaji!" Bibi akasema. Wakaandika, wakatia sahihi, na matengenezo ya paa yakawekwa upande wa mwenye nyumba. Halafu fundi redio akanigeukia. "Nasikia wewe ndiye uliyelala humu. Kinavuja?"

Niliitazama bisibisi yake. "Hakivuji."

Mama akanipigapiga begani kwa fahari. Hapo moyo uliniuma kweli.

Jumamosi fundi redio alihamia. Meza yake aliiweka wapi? Kwenye kona ile ile ya dirisha, apate mwanga! Akapanga redio kumi na moja za wateja, vifuniko wazi, nyaya nje, kisha akaenda kuleta kitanda. Mchana ule wingu likatanda.

Nilizunguka uani nikiomba upepo ulisukume. Wapi! Matone ya kwanza yalipogonga bati nilikimbilia ndani, nikaanza kuhamisha redio mbili mbili. Nilikuwa nimeikumbatia ya mwisho fundi redio alipotokea mlangoni, kalowa chapachapa.

"Unazipeleka wapi redio za watu?"

Mama naye akaja mbio. Kabla sijajibu, tone likaanguka mezani, puu! Likafuata la pili.

"Kinavuja," nikasema, machozi yananitoka. "Nilijua tangu siku ile. Nilitaka Mama apate miwani."

Mama aliinamisha uso. Sijawahi kumwona ameaibika vile. "Fundi, nisamehe. Nitakurudishia kodi yako."

Fundi redio aliweka beseni juu ya meza, akaangalia juu. "Redio zimepona?" akaniuliza. Nikaitikia kwa kichwa. "Basi sihami. Mkataba unasemaje kuhusu paa?"

"Ni langu," Mama akajibu.

Kesho yake fundi wa mabati alipanda juu, akakuta misumari kumi na minne haina mipira ya kuzuia maji. Mimi nilishika ngazi, kisha nikapandisha ndoo baada ya ndoo akimwaga maji kujaribu paa zima, mikono inaniwaka. Matengenezo yakala kodi ya kwanza, na miwani ikasubiri. Mwezi mzima niliendelea kutunga uzi.

Chumba cha pili nililala siku tatu tena. Alipokuja mwalimu wa chekechea kukiona, Mama alinisukuma mbele. "Muulize huyu."

"Mlango unalia ukiufungua," nikasema. "Dirisha la nyuma halina wavu, mbu watakusalimia kwa jina. Ila hakivuji, nilikijaribu kwa ndoo."

Mwalimu akaangua kicheko. "Wekeni wavu. Jumatatu nahamia."

Siku Mama alipovaa miwani yake, Bibi alikuwepo. Mama alichukua sindano, akalamba ncha ya uzi, akautunga mara moja tu. Akanitazama, akacheka mpaka miwani ikamteleza puani.

Bibi akaniketisha karibu yake. "Mke mwenzangu, ulitaka kumpa mama yako macho kwa kumficha asione. Mpangaji halipii kuta peke yake, analipia na neno letu. Paa likivuja, fundi yupo. Neno likivuja, utaliziba kwa bati gani?"

Mama alichomeka sindano kwenye kitambaa, akasema, "Nenda kanywe chai, mwanangu. Leo nimetunga mwenyewe."