Jina la Shavuni

—Bibi, unamjua mwenye jina hili?

Mwanaume aliyeuliza alisimama mlangoni kwangu saa nne asubuhi, koti la kijivu, viatu vinang'aa. Kwenye kilima chetu mtu hang'arishi viatu isipokuwa amekuja kuzika au kukamata. Mkononi alikuwa na kitabu, kidole kimebana ukurasa.

—Jina lipi, baba? Miwani yangu nimeisahau kwenye supu.

—Hili si la kusoma. Tazama.

Ukurasa wa arobaini na moja. Palichorwa shavu, na vidole viwili vikiteremka kutoka kona ya jicho kama matone mawili ya mvua. Chini yake: "Sahihi ya M., kijana kiziwi. Ndilo jina analoitwa na wenzake."

Nikashika fremu ya mlango.

—Kazuri, nikasema. —Ni tangazo la dawa ya macho?

Hakucheka. Alinyoosha kidole kule bondeni, kwenye jengo la kale la manispaa. Siku tisa zilizopita ukuta wake uliamka na picha ya meya amezibwa masikio kwa mikate miwili, na mbele yake watoto kumi na mmoja wanampungia mikono. Pembeni chini, shavu hilohilo, vidole vilevile.

—Jengo lile ni la urithi, akasema. —Naitwa Mpelelezi Urrejola. Mimi sina haraka, bibi.

Hiyo ya kutokuwa na haraka ndiyo iliyonitisha.

Mwenye jina ni mjukuu wangu Yanara. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua masikio akiwa na miaka miwili. Kwa hiyo nikiandika humu kwamba Yanara alisema, jueni alisema kwa mikono, na mikono yake ina mdomo kuliko wangu. Alikuwa mwalimu msaidizi kwenye darasa pekee kilimani ambamo watoto viziwi kumi na mmoja wanasoma pamoja na wanaosikia. Meya alitaka kulifunga. Hakuna mwingine pale shuleni aliyejua lugha ya mikono, na mtu akishahukumiwa haruhusiwi tena kuingia darasani. Maana yake Yanara akikamatwa, darasa limekufa siku hiyohiyo.

Na aliyeandika kile kitabu? Alikuwa mpangaji wangu wa chumba cha juu, Baltazar Oyarzún, mchumba wa Yanara. Harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu. Baltazar ni mwanasosholojia, yaani mtu anayelipwa na chuo kuuliza yale ambayo mimi huuliza bure dirishani. Miaka miwili alizunguka na vijana wachora kuta, akiandika kwa nini wanachora, na vipi watoto wote wasome chumba kimoja. Kijana mzuri. Mwembamba, lakini mzuri.

Nikamtumia ujumbe: "Wewe msomi rudi nyumbani SASA HIVI. Ukurasa wa 41."

Akajibu: "Bibi Hermi!! Umekisoma! Umekipenda?"

"Nimekipenda kama jipu. Na polisi nao wamekipenda."

Baada ya dakika kumi nikasikia ngazi zinalia, anapanda mbili mbili. Yanara alikuwa ameshafika kwa chai, anapaka parachichi kwenye mkate. Nilikuwa nimempa nakala yangu ya kitabu. Kilikuwa mezani, kimefunguliwa palepale.

—M. ni nani? Yanara akamuuliza.

—Ni wewe, mpenzi. Nilikuficha. Tunafundishwa hivyo, mtu hatajwi.

—Umeficha nini?

—Jina lako.

—Jina langu hili hapa. Umelichora kubwa kama yai.

Baltazar akatazama ukurasa. Nilimuona anavyoelewa, rangi ilimtoka usoni taratibu, kama maji kwenye sinki.

—Nilidhani... Nilibadilisha Yanara. Nikaweka M.

—Yanara ni neno la kwenye kitambulisho. Sijawahi kulisikia hata mara moja maishani. Mimi naitwa hivi.

Vidole viwili, kona ya jicho, shavuni. Walimpa jina hilo akiwa na miaka minne, wiki ya kwanza ya shule, kwa jinsi alivyolia.

—Umeandika kurasa mia mbili kwamba mikono yetu ni lugha kama lugha nyingine, akaendelea. —Halafu jina la mdomo ukalifunika vizuri kwa blanketi, la mkono ukaliacha uchi. Kwa sababu moyoni mwako, Baltazar, lile la mkono ni mchoro tu.

—Si kweli!

—Basi niambie ilikuwaje.

Baltazar alipoanza kuinua mikono, Yanara akafumba macho. Nyie mnaosikia hamjui ukubwa wa jambo hilo. Kiziwi akikufumbia macho amekufungia mlango na kuondoka na ufunguo. Baltazar alibaki anaomba msamaha kwa mikono mbele ya kope mbili, mpaka nikamwambia:

—Mwanangu, shusha mikono, unampepea tu.

Kesho yake nilipeleka sopaipilla shuleni, kama kila mapumziko. Ni vile vitumbua vyetu vya boga. Nikamkuta Urrejola getini. Alikuwa amevua glavu ya mkono wa kulia. Alichuchumaa mbele ya watoto viziwi, akatabasamu, akaweka vidole viwili kwenye kona ya jicho lake, akaviteremsha shavuni polepole. Kisha akanyanyua mabega: yuko wapi?

Ilikuwa kama kuona mtu nisiyemjua amevaa gauni la mjukuu wangu.

Watoto walifurahi. Mtu mzima anaongea lugha yao! Katoto kamoja ka miaka sita, kenye mapengo, kakageuka na kuinua kidole kuelekea dirisha la darasa.

Nikaachia kapu. Sopaipilla arobaini zikamwagika kwenye lami, na watoto wote wakazivamia, kidole na mwenye kidole.

—Samahani, baba, nikamwambia. —Uzee. Vitu vinaniponyoka.

—Naona, akasema, akivaa glavu yake. —Nitarudi Jumatatu, bibi. Utakuwa umechoka kubeba kapu.

Jumamosi mchana viziwi wote wa kilima walikutana kwenye chama chao, chumba kilicho juu ya duka la Don Eleuterio, fundi viatu, kiziwi kama wao. Sakafu ya mbao, ili ukitaka watu wakutazame unakanyaga. Don Eleuterio ana miaka sabini na sita, na ndiye hutoa majina. Hujipi mwenyewe, wala humpi mchumba wako. Wanakuona, wanakupa. Baltazar alilisubiri lake miaka miwili. Kila wakimtaja walimtaja herufi kwa herufi, zote nane, kama mtu anayeitwa mahakamani.

Don Eleuterio akakanyaga.

—Mtu anatembea mitaani na jina la binti yetu mkononi, akasema. —Jumatatu mtoto atamwonyesha, na hatutamlaumu mtoto. Nani alimpa?

—Mimi, akasema Baltazar.

—Ulitaka jina kwetu.

—Ndiyo.

—Bado unalitaka?

Baltazar akasita. Mimi mwenyewe niliyetumbukiza pua huko nilihisi kuna shimo mbele yake, ila sikuona chini.

—Bado nalitaka.

Don Eleuterio akamsogelea. Ana vidole vyeusi kwa rangi ya viatu. Akaviweka viwili kwenye kona ya jicho la Baltazar, akaviteremsha, vikaacha mistari miwili myeusi shavuni.

—Chukua hili.

Yanara akakanyaga sakafu mpaka vumbi likamwagika dukani chini.

—Hilo ni langu!

—Lilikuwa lako.

—Miaka ishirini! Na mimi nitaitwa nani?

—Huitwi. Mpaka tukuone upya.

—Mzee, mimi ndiye niliyechora ukuta. Si yeye. Niache nikajibu mwenyewe.

—Ukajibu wewe, nani atawafundisha wale kumi na mmoja? Meya mwenye mikate? Huyu msomi ndiye aliyelifungulia jina mlango. Alifuate huko lilikokwenda.

Yanara akamgeukia Baltazar. Mikono yake ikawa kama yenye kigugumizi.

—Usikubali. Chuo kitakufukuza. Utafungwa.

—Najua.

—Unafanya hivi ili nikusamehe?

—Hapana. Nafanya kwa sababu yule mtu alisema Jumatatu.

Hakumfumbia macho safari hii. Ila hakumgusa.

Tukaenda kituoni sisi watatu: Baltazar, Don Eleuterio, na mimi mkalimani, nimevaa koti langu la kwendea misa.

—Jina la ukurasa wa arobaini na moja ni langu, Baltazar akasema. —Nilichora mimi.

Urrejola alimtazama mistari shavuni, hakuwa ameifuta.

—Kitabu kinasema kiziwi. Wewe unasikia.

—Nilibadilisha. Jina, masikio, vyote. Ndivyo tunavyofundishwa chuoni, kumficha mtu. Nikajificha.

—Na huyu mzee anasemaje?

Don Eleuterio akamwambia mambo marefu kuhusu uso wake na mnyama fulani wa kufugwa.

—Anasema anakuheshimu sana, nikatafsiri. —Na kwamba jina hilo walimpa kijana huyu mbele ya watu thelathini.

Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli tupu. Urrejola aliandika yote. Kisha akafunga daftari, akasema kwa upole:

—Siamini hata neno moja. Lakini nitamchukua. Mimi sina haraka.

Hakimu alimpa siku sitini na moja. Chuo kilimwandikia barua ya mistari mitatu. Siku ya harusi ikapita, keki nikawalisha majirani wakila kama msibani.

Yanara alikaa wiki tano bila kwenda kumuona. Ya sita akavaa koti, akaniambia:

—Twende, Bibi.

Pale gerezani mnaongea kupitia kioo chenye vitundu vidogo. Wake za watu walikuwa wanapiga kelele mpaka mishipa inawatoka, waume hawasikii kitu. Wetu wawili wakakaa, wakaanza kuongea kama wako jikoni. Jumba zima likawageukia.

—Unakula?

—Maharage.

—Unalala?

—Naota umenifumbia macho.

—Leo sifumbi. Wametupa dakika ishirini tu.

Baltazar akacheka, akaacha.

—Watoto wanakuitaje sasa?

—Hawaniiti. Wananigusa bega. Mmoja akiwa mbali nami inabidi akimbie mpaka nilipo. Hana cha kumuuliza mwenzake, niko wapi. Na kila nikitaka kukutaja wewe, najitaja mimi. Nikimwambia Bibi "nimemkumbuka", inabidi nijikumbuke.

Baltazar akaweka kiganja kwenye kioo.

—Nisamehe.

—Bado. Lakini nimemwambia Bibi asilifumue gauni la harusi.

—Utaolewa na mtu hujamsamehe?

—Nitakusamehe ukiwa karibu. Kwa mbali mikono inachoka.

Nikajifanya naangalia dari.

Tulipotoka, nani yuko kwenye benchi? Koti la kijivu.

—Wanaongea vizuri, akasema. —Nimeanza kujifunza, bibi. Jumanne na Alhamisi. Don Eleuterio ananifundisha.

Nilikwenda moja kwa moja kwa fundi viatu.

—Mzee mzima umeingiwa na nini? Unamfundisha nyoka njia ya kwenye kiota?

—Nimkatae ili akajifunze kwa mwingine? akasema, misumari ameibana kwa midomo. —Nimeshampa na jina. Amefurahi sana.

—Jina gani?

Don Eleuterio akatumbukiza mikono yote miwili mifukoni, akaiacha humo, akanitazama.

Ilinichukua muda. Nilipoelewa kwamba kila atakayemtaja atakuwa amefunga mdomo, nilicheka mpaka nikatafuta kiti, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu niliwaza watoto wetu watatembea miaka mingapi na mikono mifukoni.

Walifunga ndoa Januari kwenye ofisi ya msajili. Watoto kumi na mmoja safu ya mbele, wamechanwa nywele. Msajili alikuwa bado anatafuta kalamu yake mlango ulipofunguka. Urrejola akaingia, akasalimia viziwi wote kwa fahari, akajitaja: mikono mifukoni.

Wote wakatumbukiza yao. Watoto, Don Eleuterio, wazee wa chama. Watu thelathini na hakuna mkono unaoonekana. Urrejola akatabasamu, akadhani anaitikiwa. Akakaa safu ya pili, daftari kwenye goti.

—Baltazar Oyarzún, unakubali?

—Nakubali.

—Yanara Quilodrán?

Nikatafsiri. Nilimshonea mifuko kwenye gauni, alivyotaka, na mikono yake ilikuwa humo. Alimtazama Baltazar, akamtazama mtu wa safu ya pili. Msajili akakohoa. Baltazar alianza kutoka jasho juu ya mdomo. Siku sitini na moja hazikumtoa jasho namna ile. Kalamu ya Urrejola ilikuwa imeshagusa karatasi.

Yanara akatoa mkono mmoja. Akaupeleka kwenye uso wa Baltazar, vidole viwili, kona ya jicho, akaviteremsha taratibu mpaka kidevuni, jina akamwachia. Kisha akaitikia kwa kichwa.

—Amesemaje? msajili akaniuliza.

—Amesema ndiyo.

—Na kabla ya hapo?

—Amemsamehe, nikasema. Hilo nililitafsiri sawasawa.

Urrejola akaandika. Sijui aliandika nini. Wakati wa kutoka alinipa mkono, akaniuliza kama rafiki:

—Na bibi harusi, wenzake wanamwitaje siku hizi?

—Mke wa mtu, nikamwambia.

Akainamisha kichwa. Bado anapanda kilimani kila Jumanne na Alhamisi, viatu vinang'aa, na darasa bado liko wazi. Mjukuu wangu alipewa jina jipya mwezi wa pili, zuri kuliko la kwanza. Mtaniuliza ni lipi, nawajua. Humu ndani majina nimeyabadilisha yote: ya kwenye vitambulisho, na ya mikono pia.