Ishirini kwa Kila Kifua

Kitu cha kwanza kilikuwa kidogo, na nesi mwenye akili timamu angekishtukia siku hiyohiyo. Chupa ya maji kwenye mtungi wa oksijeni wa kona ilikuwa inatoa mapovu, na mtungi wenyewe umefungwa. Haukuunganishwa na mgonjwa yeyote. Kona ile haikuwa hata na kitanda. Nesi wa zamu aliitazama chupa, akasema vifaa vya siku hizi ni takataka tupu, akaendelea kutafuna karanga zake.

Wenzake walimwita Ishirini, na jina hilo alilitolea jasho, kama kuna jasho katika uvivu. Kwenye wodi ya vifua, swali la kwanza ni mgonjwa anapumua mara ngapi kwa dakika. Ili ujue, unakaa karibu naye, unaweka mkono kifuani, unatazama saa, unahesabu dakika nzima. Mtoto wa darasa la pili anaiweza. Lakini Ishirini alikuwa na miaka kumi na saba kazini na kwa hesabu zake alishamaliza kujifunza. Alikuwa anasimama mlangoni na mafaili manane kwapani, anavitupia macho vitanda vinane kama mtu anayeangalia nguo zimekauka au bado, kisha anaandika. Ishirini, ishirini, ishirini. Anayehema utadhani kafukuzwa na mbwa, ishirini. Mwenye pumu aliyeshika kingo za kitanda kwa mikono miwili, ishirini. Yuko mmoja aliyeandikiwa ishirini saa nne asubuhi, na alikuwa amekufa tangu saa tatu. Daktari alitia sahihi chini yake, maana na yeye alikuwa anasoma mafaili kwa kupapasa.

Angekuwa mvivu tu tungemsamehe. Alikuwa na dharau. Kwake yeye kila mgonjwa wa kifua kajitakia. Mvuta sigara kajitakia, mpika kwa kuni kajitakia, na yule mzee wa kitanda namba nane, aliyeponda mawe maisha yake yote mpaka vumbi likafanya makao mapafuni, huyo ndiye kajitakia kuliko wote. Alimpachika jina la Babu Kokoto. Babu akilala chali alikuwa kama anazama, hivyo kila siku aliomba ainuliwe, awekewe mito miwili mgongoni ili apate hewa. Kila siku Ishirini alimjibu kwamba mito imekwisha. Mito ilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwake.

Siku chache baadaye ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya blanketi lililolowa na kusahaulika, nayo ilitoka kwenye ile kona mchana kweupe, madirisha yote wazi. Babu Kokoto akamwita, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mle ndani kuna mtu wa tisa anayepumua. Ishirini akasonya. Akamwambia mzee akikosa hewa huwa anaota macho wazi, ajinyamazie.

Juma hilohilo wakamleta mama yake.

Hapo sasa ndipo pa kumtazama. Mama huyu alipika chakula cha shule kwa kuni miaka thelathini, moshi ukimwingia puani na machoni, na ni hiyo kazi iliyomsomesha Ishirini mpaka akavaa sare nyeupe. Alilazwa kitanda namba sita, kilichoachwa wazi siku hiyo, midomo imekuwa rangi ya majivu, mabega yanapanda na kushuka. Ishirini hakuwa zamu. Alikuja mbio kutoka nyumbani na kandambili miguuni, akalikamata faili la mama yake. Nesi kijana aliyekuwa zamu alikuwa ameshaandika. Ishirini. Akataka kumfokea, akakumbuka kwamba binti yule alifundishwa kazi na yeye mwenyewe.

Basi akaketi, akaweka mkono kifuani pa mama yake. Alikuwa hajafanya hivyo kwa mgonjwa yeyote kwa muda mrefu hata akasahau kwamba kifua cha mtu kina joto. Akatazama saa, akaanza kuhesabu. Mpaka ishirini kila kitu kilikwenda sawa, kifua kinapanda, hewa inasikika mdomoni. Lakini pumzi ya ishirini na moja ilipokuja kifua kilipanda na mdomoni pasisikike kitu, sauti ya ile hewa ikatokea kwenye kona, ndefu, ya kushiba, na chupa ikatoa mapovu, na ya ishirini na mbili vilevile, na ya ishirini na tatu, mama anavuta na kona inapokea, anavuta na kona inapokea, macho ya mama yamemtoka yanamtazama mwanawe bila kuweza kusema, mpaka dakika ikatimia na hesabu ikawa thelathini na nane, na zile kumi na nane zote hazikuingia kwenye mapafu ya aliyezivuta.

Akaondoa mkono. Akaenda mlangoni kutafuta mtu wa kumwambia.

Aliyemsaidia ni Mama Deki, mfagizi wa wodi, mwanamke ambaye Ishirini hakuwahi kumsalimia kwa miaka sita. Nyumbani kwake Mama Deki alikuwa anatibu watu wenye mashetani, lakini hospitalini alikuwa anapiga deki na kunyamaza. Alimsikiliza akiwa ameegemea mpini wa dekio, bila kumwonea huruma hata chembe.

"Ni jini, sista," akanong'ona. "Nimemjua tangu zamani. Mtu akipumua thelathini na nane, nawe ukaandika ishirini, zile kumi na nane ulidhani zinakwenda wapi? Zimekosa mwenyewe. Anazila yeye."

Ishirini akamuuliza anatolewaje. Mama Deki akambinulia mdomo, akasema dawa yenyewe ameifundishwa chuoni, aende akaifanye. Siku saba, asubuhi, mchana na jioni, kila mgonjwa ahesabiwe dakika nzima, mkono kifuani, kwa sauti. Ainuliwe akae wima. Atemeshwe makohozi, apewe maji ya kunywa kidogo kidogo, afundishwe kutoa pumzi polepole kwa mdomo uliochongoka kama anapuliza uji wa moto. Jini asiyepata masalio hukonda, kisha hutoka.

"Wote wanane, si mama yako peke yake. Ukimruka mmoja atakuwa amepata mlango, na ataingia kwa anayemtaka yeye."

Ishirini akaomba zamu zote za juma lile. Tuseme kweli, alifanya kazi. Kabati likafunguliwa, mito ikatoka, na Babu Kokoto akakaa wima kwa mara ya kwanza tangu alazwe, akalia. Ishirini hakupenda kuyaona machozi yale. Mikono ilikuwa inafanya kazi, roho imebaki palepale. Aliwahesabu wale wengine kama mtu anayemeza dawa chungu, kwa ajili ya mama tu.

Siku ya nne, wakati wa mchana wageni wameondoka, kona ikaongea. Sauti ilikuwa ya mtu aliyebanwa kifua, kila neno linatafutiwa hewa.

"Nilikuja hapa nimekonda," ikasema. "Umenilisha vizuri. Leo unajifanya nesi?"

Akaendelea kuhesabu kwa sauti. Siku ya tano mapovu yakapungua. Siku ya sita harufu ikawa ya kunusa kwa kutafuta. Mama midomo ikarudi rangi yake, akaanza kulalamika kuhusu chakula, na ukimsikia mama analalamika ujue amepona.

Jioni ya siku ya saba zilibaki dakika chache zamu iishe. Alikuwa amewahesabu saba. Mama yuko kitandani nguo zimeshafungwa, anamsimulia jirani habari za jikoni lile la shule, anacheka bila kukohoa. Amebaki Babu Kokoto, naye ndio kwanza ametema, bakuli liko mkononi, udenda unaning'inia kidevuni. Ishirini akamwangalia kutoka miguuni mwa kitanda. Akaona kinyaa. Juma zima la kumshika mzee huyu, na ni dhahiri anapumua vizuri, kipofu angeona. Akachukua kalamu, akaandika.

"Binti," Babu akasema taratibu, "mimi hujanigusa."

Chupa ya kona ikatoa povu moja.

Kwenye kitanda namba sita maneno ya mama yakakatika katikati ya sentensi. Ishirini akafika kwa kuruka, akampachika mkono kifuani, akahesabu. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka vizuri, kwa mpangilio, bila kubanwa. Dakika ikaisha. Ishirini kamili. Akarudia, ishirini. Mama akageuza uso, akamtazama mwanawe kuanzia miguuni mpaka kichwani, akabinua mdomo kwa namna ambayo mama yake hakuwahi kubinua. Mama Deki alikuwa mlangoni na ndoo. Aliona, akageuka, akaondoka zake.

Daktari alifurahi sana, akamruhusu mgonjwa kesho yake.

Nyumbani mama akawa mzima kupita kiasi. Akilala ni ishirini. Akipanda ngazi na ndoo ya maji kichwani, Ishirini akimfuata nyuma na saa, ni ishirini. Hacheki tena, halalamiki tena kuhusu chakula, na chumba chake kinanuka blanketi bichi. Babu Kokoto aliondoka wodini kwa miguu yake na mito yake miwili kwapani, akasema atakayeitaka aje aichukue.

Ishirini aliporudi nyumbani kutoka kazini mchana mmoja kifua kilikuwa kimembana. Akajilaza. Akajihesabu mwenyewe, mkono wake kwenye kifua chake, thelathini na nne, na alipokuwa amelala chali alihisi kama anazama, akajaribu kuinuka akashindwa, akamwita mama yake ambaye alikuwa koridoni. Nyayo zikaja bila haraka. Zikaishia mlangoni.

"Mama, niinue. Niwekee mto mgongoni."

"Mito imekwisha, mwanangu."

Hakuingia. Alimtupia jicho mara moja tu, kutoka palepale aliposimama.

"Ishirini," akasema, akafunga mlango.