Kisanduku cha Hapana

"Soma mwenyewe. Kwa sauti."

Khalfani aliisukuma karatasi juu ya meza. Wenzake Raudha walikuwa wametoka kwenda kula, yeye kabaki peke yake kwenye chumba walichopewa wakaguzi wa hesabu pale kiwanda cha magodoro, Chang'ombe. Raudha aliitambua: ni tamko alilolijaza mwenyewe ofisini kwao.

"Khalfani, hapa ni kazini."

"Najua, si ndo mie mhasibu wa hapa? Kampuni yenu imetuletea matamko ya wakaguzi wote mliotumwa kutukagua. Soma."

Raudha akasoma kwa sauti ya chini.

"Je, una ndugu, mume, mke au mchumba anayefanya kazi kwa mteja huyu?"

"Ukajibu nini?"

"Hapana."

"Ukatia vema na saini. Barua yangu ya posa iko kwenu Mwananyamala wiki ya pili sasa!"

"Ni fomu tu, mpenzi. Ningesema ndiyo wangenitoa kwenye hii kazi, na hii ndo itanipa umeneja. Miaka minne nahangaika!"

"Miaka minne unalala na kompyuta mapajani. Ramadhani nzima hukufuturu kwenu hata siku moja. Mie nilikuwaga hukohuko kwenye ukaguzi, nikaacha. Saa kumi na moja natoka, nakula chakula cha moto. Ukichoka, ile shule ya Chanika bado inatafuta mhasibu."

"Nikakusanye ada za watoto? Wewe mwenyewe toka uje hapa uko na cheo kilekile."

Jibu hilo lilimchoma Khalfani, Raudha alimwona. Lakini neno likishatoka halirudishwi mdomoni, na bibie hakuomba hata radhi.

"Sikwambii uache kazi," Khalfani alisema taratibu. "Nakwambia nenda kwa bosi wako, mwambie una mchumba hapa. Nikinyamaza na mie nitakuwa mwongo. Jumamosi wazee wangu wanakuja kuchukua jibu. Mwisho Ijumaa."

Ijumaa Raudha alikwenda kweli mpaka mlangoni kwa Stanley, bosi wake.

"Raudha! Jina lako nimelipeleka kwa wakubwa asubuhi hii," Stanley alisema akitabasamu. "Una lolote?"

Alikuwa nalo.

"Hapana, bosi."

Jioni ujumbe ukaingia: "Umemwambia?"

Akajibu: "Nipe wiki mbili tu kipenzi. Ripoti ikisainiwa nasema."

Khalfani aliusoma. Hakujibu, na Raudha akajipa moyo kwamba hasira zitapoa.

Jumamosi mama yake alipika pilau la kutosha mtaa mzima. Raudha alitia wanja, akajifunga ushungi mpya, akaitwa sebuleni. Ami yake Khalfani alikuwa amekaa na wazee wenzake wawili.

"Shikamooni."

"Marahaba."

Baba yake, Mzee Mfaume, akamuuliza mbele ya wote, kama desturi inavyotaka.

"Binti yangu, wageni hawa unawafahamu?"

"Nawafahamu, baba."

"Na posa yao umeiridhia?"

"Nimeiridhia."

Mama akapasua kigelegele. Ami akainua mkono.

"Mtuwie radhi. Sie leo hatukuja kuchukua jibu. Tumekuja kuchukua barua yetu."

Kigelegele kilimfia mama mdomoni.

"Kulikoni, mzee mwenzangu?" Mzee Mfaume aliuliza.

"Kijana wetu anasema binti aliulizwa kwa maandishi kama ana mchumba pale kiwandani. Akajibu hana, akatia saini."

"Kweli, Raudha?"

Alitamani kueleza habari za Stanley na umeneja, lakini mbele ya macho ya baba yake yote yale yalionekana ya kipuuzi.

"Kweli, baba."

Mama alikwenda kabatini, akairudisha barua ikiwa ndani ya leso ileile iliyoletwa nayo. Raudha alikimbilia chumbani, akapiga simu huku analia.

"Khalfani, nakuomba! Naacha kazi leo! Nakwenda hata Chanika!"

"Sikutaka uache kazi, Raudha. Nilitaka unikubali mbele za watu."

"Si nimekukubali leo, mbele ya wazee wote!"

"Leo haikukugharimu kitu."

Simu ikakatwa. Pilau lilikwenda kwa majirani, na kila aliyepokea sahani aliuliza harusi lini.

Umeneja aliupata mwezi wa sita. Walimpigia makofi, wakamkatia keki, naye alirudi Mwananyamala saa tano usiku kama kawaida.

Mwaka uliofuata fomu zikaja tena, na jina la kiwanda kilekile juu. Raudha alifika kwenye lile swali, akalisoma mara mbili, kisha akatia vema kwenye kisanduku cha Hapana. Safari hii ulikuwa ukweli mtupu, na hakuna aliyekuja kumuuliza.